Bimenyimana Kasiani na Ekseli ya Gatatu

Padri wetu, shehe wetu, viongozi wa sekta, jamaa mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, majirani wa Gisenyi na wenyeji wa hapa Bugeshi, familia imemkabidhi mkwe wao Kimenyi kazi ya kuwasomea habari za maisha ya mpendwa wetu, kwa sababu wengi tuliokusanyika tunaelewana kwa Kiswahili, na kwa sababu marehemu mwenyewe alizoea kumtania mkwe huyu kwamba mwalimu aliyerudi kutoka Karagwe ana Kiswahili kilichopigwa pasi. Marehemu aliagiza kwamba lisifichwe jambo lolote, hata lile la mwaka 1974, kwa hiyo mengine mtakayoyasikia ni magumu kuyasema mbele ya jeneza, na mengine ni magumu kuyaamini, na anayewasomea asingeyaamini hata yeye kama angesimuliwa tu na watu.

Bimenyimana Kasiani alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1949, hapa Bugeshi, katika nyumba ambayo msingi wake bado unaonekana nyuma ya mikaratusi ile, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Rwabukamba, mfugaji, na mama Nyirabagenzi, wote wawili sasa ni marehemu. Mtoto wa kwanza alikuwa Munyaneza, aliyezaliwa mwaka 1944, na huyo ndiye aliyembeba Kasiani mgongoni karibu kila siku, hata mama yao akawa anasema kwamba huyu mdogo atajifunza kutembea siku kaka yake atakapochoka, na kwa bahati mbaya kwa miguu ya Kasiani, kaka huyo hakuwa mtu wa kuchoka upesi.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwezi Septemba 1956, akamaliza darasa la sita mwaka 1962, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kuimba, hata akaondolewa katika kwaya kwa maombi ya wanakwaya wenzake. Baada ya kukaa nyumbani na ng'ombe kwa muda, mwaka 1965 alivuka kwenda Goma, akapokelewa kama mwanagenzi katika gereji ya Mgiriki mmoja, akajifunza kuchomelea, kukata chuma na kupima kwa jicho, akarudi Desemba 1969 na kovu la moto juu ya nyusi ya kushoto na sifa ya kutorudia kazi mara mbili.

Januari 1970 aliajiriwa na chama cha wakulima wa pareto hapa Bugeshi kama fundi wa mitambo, na mitambo yenyewe, kusema kweli, ilikuwa mmoja, yaani trekta jekundu lililoletwa mwaka 1958 na mzungu aliyekuwa na mashamba chini ya volkano, ambalo wenyeji waliliita Gatatu. Waliliita hivyo kwa kuwa nyuma lilikuwa na magurudumu mawili makubwa, na mbele mawili madogo yaliyobanana chini ya pua, hata ukilitazama kwa mbali unahesabu magurudumu matatu tu. Trekta la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili ya mashamba tambarare, lipite katikati ya mistari ya mimea bila kuikanyaga, na hapa kwetu tambarare ni kitu cha kusikia redioni. Mwaka 1967 lilikwisha kumlalia dereva wake wa kwanza na kumvunja mguu, na tangu hapo dereva akawa Munyaneza, ambaye hakuogopa kitu, na ambaye, tangu mdogo wake aliporudi kutoka Goma, kila alipoendesha alimpakia juu ya madigadi ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu kubwa, miguu ikining'inia.

Sasa ndugu waombolezaji tumefika pale ambapo marehemu alisema pasirukwe. Kila asubuhi Gatatu lilipokwenda shambani lilipita kwa ubavu wa mlima, upande wake wa kulia ukiwa juu na wa kushoto bondeni, nalo liliinamia kushoto kiasi cha kumtisha kila aliyelitazama, basi Kasiani, akiwa na miaka ishirini na mitano na ufundi wake wote wa Goma, akachomelea sanduku la chuma upande wa kulia, akalijaza mawe ya volkano, ili uzito huo ulivute trekta upande wa juu. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1974, Munyaneza alipita na trekta limetulia kama meza, akainua kofia yake kumshukuru mdogo wake mbele ya watu wote, na Kasiani siku hiyo hakupanda, alibaki gerejini akijisikia vizuri sana. Saa kumi alasiri Munyaneza aligeuza kurudi nyumbani kwa njia ile ile, na ukirudi kwa njia ile, kulia ndiko bondeni. Fundi alikuwa amewaza juu ya asubuhi tu. Trekta lilipinduka kulia, likiburutwa na sanduku lile, na Munyaneza akafa papo hapo, akamwacha mke mjane na binti wa miezi mitatu aitwaye Vestine.

Watu walisema Gatatu lina njaa, lilikuwa limeonja mguu sasa limekula mtu mzima, na hakuna aliyeuliza habari za sanduku, kwa sababu asubuhi ile wote walikuwa wamelisifia. Kasiani naye hakusema. Trekta liliinuliwa kwa kamba, likafungiwa katika banda la mawe, na kabla ya juma kwisha marehemu alikuwa ameshuka Gisenyi na nguo alizovaa, asipande tena Bugeshi kwa miaka ishirini na minne, hata kwa mazishi ya mama yake aliishia njia panda akasikiliza nyimbo kutoka huko.

Mjini Gisenyi alifanya kazi kwa watu, na mwaka 1976 akafungua gereji yake katika barabara iendayo mpakani, ambayo wengi wenu mnaijua kwa kelele zake. Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977, alifunga ndoa na bibi Saidati mbele ya mkuu wa wilaya, kwa kuwa yeye alikuwa Mkatoliki na bibi harusi Mwislamu, na wazee wa pande zote mbili walinuna kwa miezi kumi na moja, mpaka alipozaliwa Mutoni, tarehe 2 Julai 1978, akawanunua wote kwa siku moja. Baadaye alizaliwa Jado, mwaka 1985. Mwaka 1994 familia ilivuka kwenda Goma, ikarudi Novemba 1996, na yaliyotokea katikati ya miaka hiyo kila aliyesimama hapa anayo ya kwake, hatutayasoma. Vestine, ambaye mama yake alifariki uhamishoni, alirudi pamoja nao akiwa amejifunza kuendesha lori huko Goma, akaolewa na Kimenyi tarehe 20 Desemba 1997, na marehemu ndiye aliyesimama mahali pa baba yake, na kwa wasiwasi akawamwagia wakwe kinywaji chao nguoni.

Jumatatu, tarehe 5 Oktoba 1998, alikuja gerejini bibi Dancille, mwenyekiti wa chama cha akina mama wakulima wa Bugeshi, akiwa na Vestine, wakaeleza kwamba mashamba yamelala misimu minne kwa ajili ya hatari ya waasi, wanaume ni wachache, ng'ombe wamekwisha, na chama kimeona kwamba katika banda la mawe bado kuna trekta. Walitaka aliwashe tu, dereva wanaye. Marehemu alipouliza dereva ni nani, na Vestine akajinyooshea kidole kifuani, aliweka spana chini, akakataa mara tatu, na Vestine, ambaye wengi mnamjua kwa ukaidi na mumewe kuliko wote, akamjibu hivi: “Bon, baba mudogo, kama hutaki nitatafuta fundi mungine Goma. Lakini ile masini mi nitaiendesha.” Mumewe naye alimsihi usiku na mchana asiguse kitu kilichomuua baba yake, akaambiwa kwamba watoto wa shule yake wanashinda njaa, na chaki haziliwi.

Basi marehemu akapanda Bugeshi, Alhamisi ya juma hilo hilo, na Kimenyi akafuatana naye kumshikia vifaa, au tuseme wazi, kumwomba njiani asifaulu. Walipolivunja kufuli na mlango ukafunguka, walikuta vumbi la miaka yote hiyo limelala juu ya kila kitu, na utando wa buibui umefunika usukani, magurudumu na lile sanduku la mawe, isipokuwa kiti cha chuma, ambacho kilikuwa kitupu na kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa jana. Marehemu aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka, akamwambia mkwe wake aweke na yeye. Mnaijua baridi ya Bugeshi mwezi wa kumi, mawe ya ukuta yalikuwa yanatoa maji, na kiti kile kilikuwa na joto, si joto la jua wala la moto, ni lile joto unalolikuta ukikalia kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Mwalimu alisema labda ni chuma chenyewe.

Marehemu alitoka nje, akakaa juu ya jiwe, akatamka kwamba hataliwasha mpaka alibadilishe mbele yake, yaani aondoe nguzo ya katikati pamoja na magurudumu yake mawili yaliyobanana, na mahali pake afunge ekseli pana, gurudumu moja huku na moja kule. Alilieleza jambo hilo kwa kuchora ardhini, na tunalirudia kwa sababu maisha ya mtu yalikuja kuning'inia hapo. Ekseli inashikwa na pini nene katikati, ili icheze juu na chini kuifuata ardhi, na kila upande kunachomelewa kizuizi cha chuma, ili isicheze kupita kiasi. Bila pini trekta linavunjika pua, na bila vizuizi ekseli inajikunja tu na trekta linapinduka kama zamani. Chama kilikubali kungoja hadi msimu wa Februari.

Ekseli aliipata Goma, katika lori lililokufa, akaikata kwa urefu alioutaka, na vijana wa chukudu wakaivusha mpakani juu ya ule mkokoteni wao wa mbao, ambapo mtu wa forodha aliuliza ni nini, akaambiwa ni goti la trekta, akacheka akawaachia. Kuanzia Novemba marehemu alipanda Bugeshi siku tatu kwa juma, akifika saa tatu asubuhi na kuondoka saa tisa, kwa kuwa nyakati zile hakuna aliyetaka kukutwa barabarani jioni, na kila alipoondoka aliacha magurudumu ya mbele yamenyooka, akafunga kufuli, ufunguo akauweka mfukoni mwake. Kila aliporudi aliyakuta yamegeuzwa kulia, upande ule wa bondeni. Mwalimu akasema sakafu imeinama, akaleta chupa ya maji kuipima, akakuta sakafu imelala sawasawa, akaipima tena kwa chupa nyingine. Marehemu aliacha kuyanyoosha tangu Desemba, na asubuhi akiingia alianza kusema taratibu, “Nimefika,” kama mtu anayemwarifu mwenye nyumba.

Jumanne, tarehe 26 Januari 1999, ilikuwa zamu ya pini. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, kwa sababu ekseli ile ilihitaji mtu wa kuiinua kwa mtaimbo na kuishikilia isitikisike hata unywele, na mwingine wa kupiga pini iingie, na Kimenyi alikuwa ametoka na ndoo kwenda kuchota maji kwenye pipa lililo hatua kumi kutoka mlangoni, uso wake ukiuelekea mlango wakati wote. Alisikia nyundo mara nne. Aliporudi alikuta pini imeingia hadi mwisho, mtaimbo umeegemezwa ukutani upande ambao marehemu hakuwapo, na marehemu amesimama na nyundo mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti. Alisema neno moja tu, “Amenishikia.” Anayewasomea haya si mtu wa kuamini mizimu, amefundisha sayansi miaka tisa, naye alimwaga maji yale yote chini na kukaa juu ya ndoo.

Likabaki sanduku la mawe, ambalo marehemu hakuweza kuligusa. Ijumaa, tarehe 12 Februari, alimwita Vestine bandani, akamwambia yote mbele ya mumewe, kwamba si trekta lililomuua baba yake, ni hili sanduku, na mikono iliyolifunga ni hii, na kwamba amekula sahani moja na yeye miaka yote hii akiwa kimya, na kama atataka fundi mwingine amalize kazi, au asimwone tena, ana haki. Alisema hayo akiwa amesimama, kofia mkononi. Vestine akakata utando wa buibui, akafungua sanduku, akaanza kuyatoa mawe moja moja na kuyatupa nje kwenye majani, na alipotupa la mwisho alifuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, “Asubui ulifikiri muzuri, baba mudogo. Ni kurudi tu ndiyo ulisahabu. Maliza kazi, mi nataka kulima.” Marehemu alilikata sanduku lile siku hiyo hiyo, na Kimenyi anakiri hapa kwamba aliona wivu kumwona mkewe ana moyo mpana kuliko wa kwake.

Jumamosi, tarehe 20 Februari 1999, trekta lilitolewa nje, magurudumu yake ya mbele yameachana kama ya gari la kawaida, na marehemu akakataa katakata Vestine apande kabla yake. Hakulijaribu kwa kwenda, alilijaribu kwa kurudi. Alizunguka kwa njia ya juu, akaja kwa ubavu ule ule saa kumi alasiri, kulia kwake kukiwa bonde, na ukungu ulikuwa umeshuka hata akina mama wa chama waliosimama juu walimwona akitokea na kupotea. Pale pale alipoangukia kaka yake, gurudumu la kulia lilizama shimoni, ekseli ikajikunja, kizuizi kikagonga kwa mlio uliosikika hadi kanisani, na gurudumu kubwa la kushoto likaanza kuinuka kutoka ardhini, likafika kimo cha shubiri, likabaki hewani. Bibi Dancille alipiga yowe. Halafu gurudumu lile lilishuka, polepole, kama linavyoshuka mtu akikaa juu yake, na wote walioiona madigadi ya kushoto wanasema kwamba ilikuwa imelowa ukungu kama trekta zima, isipokuwa sehemu moja, upana wa makalio, ambayo ilikuwa kavu. Marehemu hakugeuza shingo kutazama. Aliendesha hadi tambarare, akazima, akashuka, akakohoa sana, akampa Vestine ufunguo.

Msimu ule chama kililima na kupanda viazi hekta kumi na saba, na nyumba nyingi zilizokuja hapa leo zitakula kutokana na hizo. Vestine alizoea trekta lake upesi, ila hakutundika kamwe koti lake juu ya madigadi ya kushoto, na alipoulizwa kwa nini, alisema pale pana mtu. Mumewe aliacha kubishana naye.

Kikohozi kile hakikuondoka. Mwezi Aprili marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi tatu za gereji, na tarehe 3 Mei alilazwa katika hospitali ya Gisenyi, ambako madaktari waliona moyo umechoka na mapafu yamejaa moshi wa miaka thelathini ya kuchomelea, wakamhudumia kwa majuma matatu, na tarehe 24 Mei, kwa ombi lake, akarudishwa nyumbani. Hakuwa mgonjwa wa kusumbua. Jambo lake lilikuwa moja, kwamba kila alasiri, hasa baada ya mavuno kuanza na trekta kuanza kuteremsha viazi, aliuliza, “Vestine iko amerudi?” na hakukubali kunywa dawa ya jioni mpaka aletewe habari kwamba amerudi, kwa hiyo Kimenyi alipanga na mtu wa simu ya posta ya Bugeshi apige simu Gisenyi kila trekta likirudi, na habari ikawa inaletwa kila siku.

Alhamisi, tarehe 10 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, aliuliza tena, mapema kuliko kawaida, na mke wake bibi Saidati alimjibu kwamba bado. Marehemu akajaribu kukaa kitandani, akasema kwa sauti iliyotulia kabisa, “Donc, wacha niende nimuchukue,” akaegemea mkono wa Mutoni, akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa na karibu miezi kumi.

Saa hiyo hiyo Vestine alikuwa anarudi kwa ubavu wa mlima na tela lililojaa viazi, kulia kwake kukiwa bonde. Anasema kizuizi cha kulia kilikatika, akasikia chuma kikilia chini ya pua, ekseli ikajikunja kupita mahali pake, na trekta likaanza kulala upande, kule kulala ambako dereva anakujua kabla ya kukuona kwa macho, na hakuwa na upande wa kurukia. Madigadi ya kushoto ilizama chini kama ilivyozoea, naye akajua yule mtu wake wa siku zote amekaza kukaa, lakini safari hii haikutosha, gurudumu liliendelea kuinuka. Kisha madigadi ikazama mara ya pili, kwa kishindo, kama mtu mwingine amefika mbio akapanda juu, na gurudumu likarudi ardhini. Hakutazama. Aliendesha hivyo hadi tambarare, akiwa na uzito wa watu wawili ubavuni mwake, na nyuma ya shingo yake alimsikia mmoja wao akikohoa. Alipozima injini, trekta liliinuka mara moja, kisha mara ya pili, kama linavyoinuka watu wakishuka. Alipofika barabarani alikutana na mtu wa simu anakuja mbio, na kabla hajafungua mdomo Vestine alimwambia, “Ninajua. Nilikuwa naye.”

Ndugu, kizuizi kile kimeonwa na mafundi, kimekatika kweli, na fundi Niyonshuti, aliyefanya kazi na marehemu miaka kumi na miwili, alipanda jana asubuhi akachomelea kingine kinene zaidi, ndipo leo trekta likaweza kumpandisha marehemu kutoka njia panda hadi hapa, mwendeshaji akiwa Vestine, na mliotembea nyuma mmeona wenyewe kwamba hakuna aliyekubali kupita upande wa bondeni. Tangu Alhamisi jembe halijagusa udongo wa chama, kwa heshima ya msiba, na viazi vilivyobaki vitangoja hadi siku za maombolezo ziishe. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili wa kuzaa, na huyu wa tatu ambaye hakumzaa, na leo anazikwa kando ya kaka yake, upande wa kushoto, kama alivyoomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Gisenyi waliomtunza kwa upole, majirani wa barabara ya mpakani walioketi na wafiwa siku tatu usiku kucha bila kuhesabu usingizi wao, mafundi wenzake waliofunga gereji zao, vijana wa chukudu waliovuka leo bila mzigo, bibi Dancille na akina mama wa chama, padri na shehe waliokubaliana nani aombe kwanza haraka kuliko tulivyotegemea, na mtu wa simu ya posta, ambaye mbio zake za kila alasiri zilimpa mgonjwa wetu dawa kuliko dawa zenyewe.

Kasiani, baba yetu, ilibaki habari moja ambayo hukuletewa Alhamisi ile, nasi tumekuja kukuletea sote kwa pamoja, Vestine amerudi, amesimama hapa kichwani pako na viatu vyake vina matope ya shamba. Kunywa sasa utulivu wako, ulale na ndugu yako kwa amani, wala usiinuke tena kutulinda, tutajitahidi kurudi wenyewe.